Ramani imekatika kwenye mikunjo: safari ijayo niibebeje?

Swali la msomaji: "Natembea milimani mwaka wa tatu sasa, na hivi karibuni nimeanza kupiga kafi kwenye kayaki. Safari iliyopita tulinyeshewa mchana kutwa. Nilipotoa ramani mfukoni ilikuwa chepechepe, na nilipoikunjua ikanikatikia mkononi vipande vinne. Mwenzangu mmoja ananishauri niipige laminesheni. Wa pili anasema ninunue mfuko maalumu wa kuvaa shingoni. Wa tatu ananicheka, anasema karatasi imepitwa na wakati, nitumie simu. Nimsikilize yupi? Na nikiwa kwenye kayaki mikono yote miwili iko kwenye kafi, ramani niiweke wapi?"

Ndugu yangu, kabla hujamsikiliza yeyote kati ya hao watatu, vitandaze hivyo vipande vinne mezani uvitazame kwa karibu. Nabahatisha, ila sidhani kama nitakosea sana: karatasi haikuanza kukatika ukingoni. Ilianza katikati, pale mkunjo wa wima unapokutana na mkunjo wa ulalo, na palikuwa na kitundu cha kama kichwa cha pini hata kabla ya mvua. Pitisha kidole juu ya mkunjo wowote uliosalia. Utaona wino umepauka na karatasi imeota manyoya kama kola ya shati kuukuu. Mvua ilimalizia tu kazi ambayo mikono yako imekuwa ikiifanya kwa miaka mitatu.

Naanzia hapo kwa sababu karibu kila anayeniuliza swali hili anayalaumu maji peke yake, kisha anatafuta ngao ya maji peke yake. Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizong'ang'aniana. Kila unapoikunja palepale, nyuzi chache hukatika. Maji yakiingia, ule mng'ang'anio hulegea, na karatasi hubaki na sehemu ndogo tu ya nguvu iliyokuwa nayo ikiwa kavu. Ndiyo maana ramani mpya iliyolowa hupona ikikaushwa vizuri, lakini iliyokunjwa na kukunjuliwa mara mia kisha ikalowa huachana. Ongeza upepo: wengi wetu hufungua ramani yote, upana wa mikono miwili, ili kutazama eneo la ukubwa wa kiganja. Ramani iliyofunguliwa hivyo ni tanga, na tanga bovu huchanika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao. Iache ramani kubwa ipumzike, wewe tembea na kipande cha siku. Ile kubwa naiita ramani mama. Inakaa ndani kabisa ya shanta, kavu, na haiguswi ila jioni kambini au mambo yakiharibika. Mkononi unabaki na ramani ya kazi: karatasi moja yenye njia ya leo, pamoja na nafasi ya kutosha pembeni ya njia kwa ajili ya kupotea kidogo. Hii unairuhusu ichafuke, iandikwe na ikunjwe, na mwisho wa safari unaweza kuitupa bila kinyongo. Wazee walisema hamadi kibindoni, silaha iliyo mkononi. Kwenye ramani unahitaji ya kibindoni na ya mkononi, na zisiwe ile ile moja.

Kama huwezi kupata nakala, hata ramani iliyochapwa kiwandani unaweza kuikunja ikawa ya kazi. Usifuate mikunjo iliyotoka nayo dukani, kwa sababu mingi huficha uso wa ramani ndani na kuacha jalada nje, jambo zuri kwa rafu ya duka. Ikunje kwanza katikati kwa urefu, uso wa ramani ukiwa NJE, kisha ikunje zigizaga kama kinanda cha mkono. Sasa unaweza kugeuza kurasa zake kama kitabu, ukapata eneo lolote bila kuitandaza. Mikunjo mipya haitapita palepale pa mikunjo ya zamani, nayo karatasi itakushukuru.

Njia bora zaidi ni kuchapa au kunakili kipande unachokihitaji, ukizingatia masharti ya hati miliki ya mchapishaji. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Kwa skeli ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita moja, ukiondoa ukingo mweupe unapata eneo la kama kilomita 10 kwa 14. Siku nzima ya mtu aliyebeba mzigo mara nyingi inaenea humo. Kwa 1:25,000 unapata kama kilomita 5 kwa 7, hivyo chapa karatasi mbili uziweke mgongo kwa mgongo: asubuhi unasoma upande huu, mchana unageuza.

Hapa kuna mtego, tena unawanasa hata wazoefu. Printa nyingi zina mazoea ya kupunguza picha kidogo ili ienee kwenye karatasi. Haitakwambia. Ramani itatoka nzuri, yenye rangi zote, na maandishi ya "1:50,000" pale chini yatakuwa uongo. Chukua rula upime mraba mmoja wa gridi, ile mistari inayoigawa ramani miraba ya kilomita moja: kwa 1:50,000 lazima uwe milimita 20 kamili. Ukipata milimita 19.2, picha imepunguzwa hadi asilimia 96, na mwendo wa kilomita 10 ukiupima kwa rula ya dira utakusomea kilomita 9.6. Hizo mita 400 zinatosha kukupitisha njia panda ukiwa kwenye ukungu. Rudi kwenye mipangilio, chagua ukubwa halisi, chapa tena, pima tena. Mimi hupima miraba mitano kwa mpigo, maana kosa dogo halionekani kwenye mmoja.

Usikate pambizo kwa pupa pia. Namba za gridi, mstari wa skeli, mwelekeo wa kaskazini na tofauti ya kaskazini ya dira na ile ya ramani vyote huishi pembezoni, na ndivyo vya kwanza kuangukia kwenye kapu la taka. Vikikosa nafasi, viandike kwa mkono nyuma ya karatasi.

Wino nao una tabia zake. Printa ya kawaida ya nyumbani, ile inayorusha matone, mara nyingi hutumia wino wa maji: tone moja la mvua na mto wako unatanuka ukawa ziwa la buluu. Wino wa pigmenti huvumilia zaidi. Printa ya leza haitumii wino kabisa. Hutumia unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi, kwa hiyo haukimbii ukilowa. Udhaifu wake ni mkunjo, kwa sababu unga huo hupasuka na kumeguka hapo. Ramani za viwandani huchapwa kwa wino wa mafuta, nazo haziogopi maji. Kwa ramani ya kazi mimi nachagua leza, na naikunja mara moja tu, ikawa A5, uso nje pande zote mbili. Mkunjo mmoja, hakuna makutano ya mikunjo, hakuna kile kitundu cha pini.

Sasa niwarudie wenzako, nianze na yule wa mfuko. Mfuko ni wazo zuri, ila usikimbilie ghali. Mfuko mzito wa plastiki angavu wenye mdomo wa kubana, aina ya ile ya kugandishia vyakula, hufanya kazi vizuri kwa matembezi ya siku chache. Ni laini, hukunjika pamoja na ramani, na ukitoboka unatoa mwingine. Mifuko maalumu ya ramani hudumu zaidi na mdomo wake hukunjwa na kubanwa, jambo la maana kwenye maji. Tazama tu imetengenezwa kwa plastiki gani. Ya PVC hukakamaa kwenye baridi na baada ya muda hupasuka kwenye kona. Ya TPU hubaki laini zaidi, nayo bei hupanda.

PVC ina lingine, na hili nililijifunza kwa hasara. Niliacha ramani ya leza ndani ya mfuko wa PVC juu ya dashibodi ya gari, jua la wiki mbili. Nilipoivuta ilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi yenye vinyweleo. Nusu ya bonde, mto na majina yake yote, ilibaki imeganda kwenye plastiki, imegeuka kinyume kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo. Sababu ni vilainishi vinavyochanganywa kwenye PVC ili iwe laini. Vilainishi hivyo hutoka taratibu na kulainisha unga wa leza, halafu joto na mgandamizo humalizia. Tangu hapo ramani haikai kwenye mfuko ila safarini, na nikirudi naitoa siku ileile.

Kabla ya kuuamini mfuko wowote, weka ndani yake karatasi ya shashi, ufunge, uuzamishe kwenye beseni na jiwe juu yake kwa nusu saa. Shashi ikitoka na doa lenye maji, usijidanganye kwamba mvua itakuwa na huruma kuliko beseni.

Na hata ukipita mtihani huo, siku moja utaona ukungu ndani ya plastiki na utalaani muuzaji bure. Karatasi huwa na unyevu wake, na hewa uliyoifungia ina wake. Jua likipiga mfuko, unyevu hupanda, kisha hugusa plastiki iliyopozwa na upepo ukageuka vitone. Vitone vinatokea ndani, havikuingia. Dawa yake ni kuiweka ramani ikiwa kavu kweli kweli (usiku mmoja mahali pakavu, si pembeni ya sufuria inayochemka), kukamua hewa kabla ya kufunga, na kupenyeza kipakiti kimoja cha silika, vile vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kuhusu laminesheni nitakuwa mkali kidogo. Kwa karatasi moja ya A4 ambayo hutaikunja, ni nzuri. Acha ukingo wa plastiki tupu wa kama milimita 5 pande zote na uziviringe kona kwa mkasi ili zisikuchome wala kutoboa mfuko. Anayekata plastiki sawasawa na karatasi amefungua mlango: maji huingia kwa ukingo, hutambaa ndani ya nyuzi, na hayana pa kutokea. Baada ya wiki chache ramani huota madoa meusi ya kuvu chini ya plastiki, nawe huwezi kuyafikia. Ama kuipiga laminesheni ramani kubwa kisha kuikunja, sikushauri. Inakuwa ngumu kama kipande cha bati, inang'aa juani usione mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko, na kwenye mkunjo plastiki inapata nyufa nyeupe ambazo baadaye ni mifereji ya maji.

Wasafiri wa zamani walikuwa na akili kwenye jambo hili. Katika karne za 18 na 19 ramani nyingi za safari zilikatwa vipande vya mstatili, vikagundishwa juu ya kitambaa cha kitani vikiwa vimeachiana nafasi ndogo. Kitambaa ndicho kilichokunjwa. Karatasi haikukunjwa hata mara moja, na nyingine bado zinafunguka vizuri leo. Ukipenda laminesheni, iga hilo: kata ramani vipande kwanza, kila kipande kipigwe laminesheni chenye ukingo wake, kisha viunganishe kwa utepe wa kitambaa wenye gundi, ukiacha milimita 2 au 3 kati ya kipande na kipande. Kazi ya jioni nzima, nakiri. Lakini ndiyo laminesheni pekee inayokunjika ninayoiheshimu.

Zipo pia ramani zilizochapwa juu ya karatasi ya plastiki, poliethilini au polipropilini. Zinalowa na kukauka kama sahani, na hazichaniki kwa urahisi. Kama eneo lako lina moja yenye skeli unayoitaka, inunue, hutajuta. Usijaribu tu kujichapia mwenyewe kwenye printa ya leza bila kuhakikisha karatasi hiyo imetengenezwa kwa ajili ya leza. Poliethilini huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 130, na rola za printa hiyo hufika karibu digrii 200. Fundi wako hatafurahi.

Swali lako si geni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia idara ya Uingereza iliyoitwa MI9 iliwachapia marubani ramani za kutorokea kwenye hariri, kwa sababu hariri hukunjwa bila kukatika, haiharibiki ikilowa, na haitoi mchakacho mtu anapopekuliwa. Wino ulikuwa ukisambaa kwenye hariri mpaka walipouchanganya na pektini, kitu kilekile kinachogandisha jemu.

Tuje kwenye kubeba, ukiwa kwa miguu. Kipimo changu ni hiki: kama inakubidi kuvua shanta ili kuitazama ramani, basi hutaitazama. Utajiambia "nafikiri ni hii njia" na utaendelea. Ramani iliyolindwa hivyo imelindwa dhidi yako. Mahali pazuri ni mfuko mkubwa wa pajani, au mfukoni kwenye mkanda wa kiuno wa shanta, au nyuma ya mkanda wa kifua. Mfuko wa shati ulio karibu na mwili naukataa, kwa sababu jasho ni mvua ya kutoka ndani, na kwenye mpando mkali hulowesha ramani siku ya jua kali kabisa.

Kamba ya shingoni sasa. Kwenye uwanda na barabara za msituni, sawa. Kwenye upepo mfuko hugeuka bendera na kukupiga usoni. Kwenye miamba ndipo hatari ilipo. Nilikuwa nashuka kinyumenyume, mikono na miguu, mfuko ukanasa kwenye jiti kavu lililochomoza juu yangu. Nilishusha mguu, shingo ikabaki. Haikudumu hata sekunde tatu, lakini nilipofika chini niliikata kamba ile kwa kisu. Siku hizi natumia kamba fupi ya lastiki iliyofungwa kwenye mkanda wa bega wa shanta. Ramani inafika machoni, na nikiiachia inarudi ubavuni. Ukitaka kubaki na ya shingoni, iwe na kiungo kinachoachia chenyewe kikivutwa.

Weka dole gumba pale ulipo kwenye ramani, ukilisogeza kila unapotambua kitu: daraja, kona, kijito. Wakimbiaji wa mchezo wa kutafuta njia kwa ramani hufanya hivyo muda wote. Ndiyo faida kubwa ya karatasi ndogo iliyokunjwa A5 juu ya kubwa, kwa sababu dole gumba linaifikia yote.

Mambo mawili yanasahaulika. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha baadhi ya plastiki, na kidole kilichopakwa huacha alama ya kunata kwenye mfuko wa ramani isiyofutika. Paka kwa kiganja, shika ramani kwa vidole vilivyopanguswa. Na mifuko mingine ya ramani au ya simu hufungwa kwa sumaku. Ukiweka dira juu yake inakudanganya bila aibu. Simu nayo iwe mbali na dira unaposoma mwelekeo. Usiku, taa nyekundu huwasaidia macho yasipoteze mazoea ya giza, ila mistari ya kontua ya rangi ya kahawia hupotea chini yake, basi washa nyeupe hafifu.

Kwenye kayaki mambo yanabadilika. Mlimani unasimama, unashika ramani, unafikiri. Majini ukiacha kafi, mkondo au upepo unakupeleka unapotaka wao. Ramani lazima isomeke bila kuguswa, ikiwa mbele yako umbali wa urefu wa mkono na zaidi, inapigwa na matone, na wewe unayumba. Majina madogo hutayaona. Kwa hiyo chapa ukubwa mara mbili: ramani ya 1:50,000 ikikuzwa mpaka mraba wa kilomita uwe sentimita 4. Haitakuongezea hata jiwe moja ambalo halikuwemo, ila macho yatapumzika. Andika skeli mpya juu yake kwa herufi kubwa ili usije ukaisahau.

Kisha fanya hesabu zote nchi kavu. Mpiga kafi wa kawaida kwenye maji matulivu huenda kama kilomita 5.5 kwa saa, yaani noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa), ambayo ni takriban dakika 11 kwa kilomita. Chora njia yako kwa penseli, weka alama kila kilomita, na pembeni mwa kila kipande andika mwelekeo wa dira kwa digrii, umbali na dakika. Kando ya rasi naandika "kona kushoto, 0:44", yaani dakika ya 44 tangu kuondoka, nami huko majini ninachofanya ni kutupa jicho moja kwenye saa na jingine kwenye karatasi. Nyongeza za papo hapo ziandike juu ya plastiki kwa maka peni, na jioni uzifute kwa spiriti. Bolpeni iache nyumbani.

Kama ni mto, kata ramani iwe mikanda mirefu inayofuata mto, uipe namba, na uiweke kwa jinsi utakavyosafiri, unakokwenda kukielekea omo. Mto ukienda kusini, kusini iwe juu, na maandishi yako uyaandike kwa mwelekeo huo. Watu hulalamika kwamba ni kusoma ramani kichwa chini. Ukijaribu saa moja utazoea, kwa sababu kona ya kushoto kwenye karatasi inakuwa kona ya kushoto kwenye maji.

Kama ni bahari, chukua ramani ya bahari, yenye vina na miamba iliyozama, kwa sababu ramani ya nchi kavu hukoma kufikiri ufukweni. Umbali hupimwa kwenye ukingo wake wa kushoto au kulia: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Mkasi ukiondoa ukingo huo umeondoa rula yako. Andika pia saa za maji kujaa na kupwa, na kama ni bamvua au maji mafu. Siku hizi kujichapia ramani za bahari ni jambo la kawaida zaidi. NOAA, shirika la serikali ya Marekani la bahari na hali ya hewa, kwa mfano, lilikamilisha kuziondoa ramani zake za jadi za karatasi Januari 2025, na anayetaka karatasi hutoa kwenye data ya kidijitali. Kwa hiyo lile onyo la printa inayopunguza picha lirudie mara mbili.

Mahali pa kuiweka ni juu ya sitaha, mbele yako, chini ya zile kamba za lastiki, lakini lastiki peke yake haitoshi. Wimbi moja linalofagia sitaha huichomoa kama barua. Ifunge kwa klipu pande mbili, kwa vikamba vifupi visivyozidi kiganja. Kamba ndefu ni hatari: chombo kikipinduka hutaki kitu cha kuzunguka mkono wala shingo yako ukiwa kichwa chini. Kwa sababu hiyohiyo majini hakuna ramani ya shingoni kabisa. Na hakikisha mfuko haufuniki ule mshikio wa mbele wa sketi ya kuzibia maji (ile unayovaa kiunoni kuziba tundu la kukalia), ambao unauvuta ili utoke. Kaa kwenye kayaki nchi kavu, funga macho, uutafute kwa mkono. Ukigusa ramani kwanza, isogeze.

Hapa, tofauti na mlimani, acha hewa kidogo ndani ya mfuko ili uelee. Ujaribu kwenye beseni lilelile pamoja na dira na chochote utakachoweka ndani. Mfuko ukizama, tumbukiza ndani yake kipande cha sponji ngumu isiyonyonya maji. Na kama una dira ya sitahani, usipange vyakula vya kopo mbele chini yake, maana chuma kitaivuta sindano na utakwenda kwa uaminifu mkubwa mahali pasipo pako. Ramani mama inakaa kwenye mfuko mkavu ndani ya chombo, au kwa mwenzako. Mkiwa wawili, nakala zenu zisiwe kwenye kayaki moja.

Simu? Ibebe. Mimi pia naibeba, ikiwa imezimwa, kwenye mfuko wake. Kioo chake hakielewi kidole kilicholowa, na betri hupungua kasi kwenye baridi. Mwenzako wa tatu anicheke na mimi.

Siku ramani itakapolowa tena, na italowa, usiivute ifunguke. Kama ni maji ya chumvi, isuuze kwanza kwa maji baridi, kwani chumvi hunyonya unyevu wa hewani na karatasi haitakauka kamwe. Iweke juu ya kitu bapa, ifungue mkunjo mmoja mmoja ikiwa bado imelowa. Ikiwa ni ya karatasi ya kung'aa hili usilichelewe, kwa sababu ile tabaka ya juu ikikauka ikiwa imegusana hugandana. Ipapase kwa taulo kavu bila kusugua, iache kivulini, na ikibaki na unyevu kidogo tu iweke kati ya karatasi nyeupe chini ya vitabu vizito kwa siku mbili.

Na vile vipande vinne vyako usivitupe. Vikaushe hivyo, vipange uso chini juu ya kioo au meza laini, mistari ya gridi ikikutana (ichungulie kwa mbele kabla ya kubandika), kisha unganisha kwa nyuma kwa utepe wa kitambaa wenye gundi, ukiacha zile milimita 2. Selotepu ya kawaida hugeuka njano na kukakamaa. Umeshapata ramani mama.